Prosody, Synapse, Mattermost au Zulip: unahamia wapi, na siku ukitaka kutoka utatokaje

Kila baada ya miezi michache nakutana na mtu aliyekwama palepale. Ana seva yake ya chati, aliiweka mwenyewe, watu wakaizoea, sasa imeanza kumsumbua, diski inajaa au simu hazilii meseji ikiingia au toleo la bure limebanwa, na kila anayemuuliza anamwambia hamia hii, mwingine anamwambia usithubutu hamia ile. Mimi nimeshahamisha watu mara tatu, ofisi mbili na familia moja, na kitu kilichonigharimu usingizi mara zote hizo hakikuwa kuweka seva mpya, hiyo ni kazi ya jioni moja. Kilichonigharimu ni kutoa watu kule walikokuwa bila kupoteza mazungumzo yao.

Kwa hiyo kwenye ulinganisho huu swali la kutoka nalipa uzito sawa na maswali mengine yote, na pengine zaidi kidogo.

Nalinganisha nne tu. Prosody ni seva ya XMPP, itifaki iliyoanza mwaka 1999 ikiitwa Jabber, na Snikket ni Prosody hiyohiyo iliyofungashwa tayari ikiwa na apu zake na linki za kualika watu. Synapse ni seva ya Matrix, itifaki iliyoanza 2014, apu yake inayojulikana zaidi ni Element, wale wa zamani mnaikumbuka kama Riot kabla ya kubadilishwa jina 2020. Mattermost iliachiwa wazi 2015 na kampuni iliyokuwa inatengeneza magemu, ukiifungua utadhani ni Slack, ile apu ya chati za ofisini. Zulip ilianza 2012, Dropbox wakainunua 2014, mwaka uliofuata msimbo wake ukawekwa wazi, na tofauti yake kubwa ni kwamba ndani ya chaneli mazungumzo yanagawanywa kwa mada, unaandika chini ya mada fulani na mwenzako anasoma mada anayoihitaji tu.

Shika jambo moja hapa maana litarudi huko chini. Mbili za kwanza ni itifaki, yaani lugha ambayo seva nyingi na apu nyingi tofauti zinaizungumza. Mbili za mwisho ni programu, kila moja ina mwenyewe wake mmoja, na apu ni za mwenyewe huyohuyo.

Maswali nnayouliza ni haya: inataka mashine ya aina gani, simu itapigaje kelele meseji ikiingia, nani anaweza kusoma meseji, inaongea na watu wa nje au haiongei, tukitaka kuondoka tunaondoka na nini, na mwisho hela na leseni. Uzuri wa sura sijaweka kwa sababu watu wanazoea sura yoyote ndani ya wiki mbili, ila hawazoei meseji kuchelewa.

## Mashine, umeme na nyaya za baharini

Prosody ni nyepesi mno. Imeandikwa kwa lugha ya programu ya Lua, kikundi cha watu hamsini kinakaa kwenye mashine ya RAM MB 512 na bado inapumua, unaweza kuiweka kwenye Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, iliyochomekwa kwenye betri ndogo umeme ukikatika isijue. Ukihitaji kubeba watu wengi sana ndani ya XMPP ipo ejabberd, hiyo ni ya Erlang, na WhatsApp wenyewe walianzia kwenye ejabberd wakaibadilisha kwa mahitaji yao.

Synapse ni habari nyingine. Ni Python, inataka databesi ya PostgreSQL (ile SQLite inayokuja nayo ni ya kujaribia, usiingize watu humo), na mimi siianzishi chini ya RAM GB 2, nikipata GB 4 nashukuru. Lakini RAM sio shida kubwa, shida ni diski. Mtu wako mmoja akiingia rumu (ndivyo Matrix wanavyoita kundi) kubwa ya umma iliyoko seva za nje, seva yako inaanza kubeba kumbukumbu za rumu ile, nani aliingia, nani alitoka, nani alibadilisha jina, na hayo yanarundikana kwenye jedwali moja la databesi mpaka unashangaa. Kwenye ofisi ya kwanza niliyohudumia, watu 34, diski ya GB 40 ilijaa kabla mwaka haujaisha na waliokuwa wanatumia rumu za nje ni watu wawili tu. Kuna kifaa cha kubana hilo jedwali na kuna amri za kufuta historia ya zamani, zinafanya kazi vizuri, ila inabidi awepo mtu anayejua zipo.

Mattermost ni Go, faili moja la programu na PostgreSQL pembeni, wenyewe wanasema RAM GB 2 inatosha mpaka watu elfu moja na kwa ofisi ndogo nimeona ni kweli. Zulip inataka GB 2 kama watu hawafiki mia na GB 4 wakizidi, na ndani yake kuna vitu vingi, PostgreSQL, RabbitMQ, Redis, memcached, nginx, kwa hiyo inapenda mashine yake peke yake, ukiichanganya na tovuti ya ofisi kwenye mashine moja unajitafutia ugomvi. Ila kwa haki niseme, skripti yao ya kuiweka inafanya karibu kila kitu na kuapdeti ni amri moja. Kati ya zote nne ndiyo iliyonipa shida ndogo zaidi siku za apdeti.

Sasa iko wapi hiyo mashine? Wengi tunakodi VPS (mashine ya mtandaoni) Ulaya kwa sababu ni rahisi, halafu tunasahau kwamba kati yetu na Ulaya kuna bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na majirani ilienda chini vibaya, na mwenye seva Ujerumani alikuwa hana seva. Seva iliyoko kwenye kabati la ofisi inaendelea kufanya kazi kwa waliomo kwenye wifi ya ofisi, iwe yoyote kati ya hizi nne, ila kwa masharti mawili ambayo watu huyasahau. La kwanza, jina la seva lazima litafsirike humohumo ndani, yaani ruta yenu ijue kwamba domeni ile iko kwenye mashine ile bila kwenda kuuliza nje. La pili linahusu simu, tunaenda huko sasa.

## Simu italia?

Hapa ndipo miradi mingi inakufa. Unaweza kuweka seva nzuri ya kufa mtu, kama bosi alitumiwa meseji saa nne akaiona saa nane, kesho yake wote wamerudi WhatsApp.

Kwa XMPP, apu ya Conversations kwenye Android inashikilia muunganisho wake yenyewe na seva yako, haipiti Google, na hilo ndilo lile sharti la pili. Ndiyo maana kwenye ile hali ya nyaya kukatika inalia kama kawaida mkiwa wifi moja na seva. Gharama yake ni kwamba simu nyingi za bei nafuu tunazotumia zina tabia kali ya kuua apu zilizotulia nyuma, kwa hiyo kwa kila mtu lazima uingie kwenye mipangilio ya betri uiruhusu apu isiuliwe, na kwenye simu nyingine kuna sehemu mbili au tatu tofauti za kuruhusu. Nimefanya hiyo kazi simu kwa simu, watu ishirini, inachosha lakini ukimaliza imeisha. Kwa iPhone kuna Monal na Siskin na apu ya Snikket, hizo zinapitia Apple kwa sababu Apple hawaachi njia nyingine. Conversations inauzwa kwenye Play Store, bure iko F-Droid, duka la apu huria.

Element inapitisha notifikesheni kwenye lango la watengenezaji wake kisha Google au Apple, na kwa kawaida kinachopita ni namba ya meseji tu, yaliyomo simu inayafuata yenyewe kwenye seva yako. Toleo la F-Droid linaweza kutumia njia ya wazi ya UnifiedPush. Apu mpya, Element X, ina kasi kuliko ile ya zamani hata kwenye mtandao mbovu, ila inataka Synapse ya kuanzia Septemba 2024 kuja juu, ukiwa na seva ya kabla ya hapo isiyoapdetiwa haitafunguka.

Mattermost na Zulip zote zinategemea huduma ya kampuni mama kupeleka notifikesheni kwenye apu za kawaida. Mattermost ya bure unapewa huduma ya majaribio isiyo na dhamana, kwa kawaida inafanya kazi. Zulip inabidi uisajili seva yako kwao, bure ni mpaka watu 10, zaidi ya hapo ofisi ya biashara inalipia, na mashirika yasiyo ya faida na miradi huria wanaomba mpango wa bure au punguzo. Kama watu wako wanashinda mbele ya kompyuta hili si kubwa. Kama wako barabarani na simu tu, lihesabu mapema.

## Nani anaweza kusoma

XMPP inatumia OMEMO, Matrix inatumia Megolm, zote mbili meseji inafungwa kwenye simu ya mtumaji na inafunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, wewe mwenye seva ukichungulia databesi unaona takataka. Mattermost na Zulip hazina hilo kwa meseji. Njiani zimefungwa kama tovuti ya benki inavyofungwa, lakini zikifika kwenye seva mwenye ufunguo wa databesi anasoma.

Wengi hapa wanakimbilia kusema basi mbili za mwisho ni mbovu. Ngoja kwanza. Ofisi yenye wafanyakazi wanaokuja na kuondoka inahitaji mtu mpya aone mazungumzo ya mwaka jana, inahitaji kutafuta neno likapatikana, na mkaguzi akija inahitaji kumuonyesha. Zulip kwa kutafuta mambo ya zamani ni nzuri sana kwa sababu ya zile mada. Kwenye OMEMO simu mpya haioni meseji za kabla haijasajiliwa, ndivyo ilivyotengenezwa. Kwenye Matrix kuna bakapu ya funguo, lakini inalindwa na ufunguo wa kurejesha ambao mtumiaji anapewa mara moja ahifadhi, na watu hawahifadhi. Anabadilisha simu, anaingia, anakuta mstari baada ya mstari umeandikwa meseji haiwezi kufunguliwa. Mhasibu wa ile ofisi ya kwanza alipoteza mazungumzo ya miezi sita hivyo na hakuna nilichoweza kumsaidia. Tangu siku hiyo simsajili mtu Element mpaka nione kwa macho yangu ameuandika ule ufunguo kwenye karatasi na karatasi imewekwa mahali.

Kama mnachozungumza ni mambo ya wagonjwa, mashahidi, wanawake waliokimbia vipigo, au vyanzo vya mwandishi wa habari, basi hapo usiri unatangulia kila kitu na mbili za mwisho zinatoka mezani.

Na kumbuka ukiwa na seva wewe ndiye mwenye kukusanya taarifa za watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kazi Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, na zote zina la kusema taarifa zikivushwa mpaka. Hili liko sawa kwa zote nne.

## Watu wa nje

Zulip na Mattermost za bure kila seva ni kisiwa, anayetaka kuongea nanyi anafunguliwa akaunti kwenu. Zulip inaruhusu akaunti za wageni bure, na unaweza kuacha chaneli fulani isomeke na yeyote bila akaunti, kitu kizuri kwa miradi ya wazi. Mattermost toleo la bure la Team Edition halina akaunti za wageni.

XMPP na Matrix seva zinaongea zenyewe kwa zenyewe kama barua pepe, asha wa kwenu anamwandikia juma wa seva nyingine bila kusajiliwa popote. Tofauti yao ni hii. Kundi la XMPP linaishi kwenye seva moja, seva ile ikizimika kundi limezimika kwa wote. Rumu ya Matrix nakala yake iko kwenye kila seva yenye mtu ndani, ya kwako ikizimika wa seva nyingine wanaendelea, nawe ukirudi unapokea yaliyokupita. Hiyo ndiyo nguvu ya Matrix, na ndiyo hiyohiyo inayojaza diski. Serikali ya Ufaransa walipotengeneza apu ya chati ya Tchap kwa watumishi wao mwaka 2019 walichukua Matrix, na jeshi la Ujerumani nao wana yao, kwa taasisi yenye idara nyingi kila moja na seva yake inaeleweka kabisa kwanini.

Matrix pia ina madaraja, unaunganisha rumu na WhatsApp au Telegram ili watu wahame polepole. La WhatsApp linafanya kazi kama kifaa kilichounganishwa na simu yako, kwa hiyo simu yenye namba ile isipofunguliwa siku 14 linakatika, na WhatsApp hawajalibariki, usitumie namba ambayo huwezi kuipoteza.

## Kutoka

Haya sasa.

Kwa XMPP, kama domeni ni yenu, anwani za watu ni zenu. Asha atabaki asha kwenye domeni yenu iwe chini kuna Prosody au ejabberd, anaweza asijue kabisa kwamba jana usiku ulibadilisha seva. Kuna muundo rasmi wa kutoa data za seva ya XMPP, Prosody inauelewa na ejabberd inauelewa, orodha ya marafiki na akaunti zinahama. Meseji za zamani zilizoko kwenye simu zinabaki kwenye simu. Familia niliyowahamisha, nusu wako Tanga na wengine Muscat, walitoka ejabberd kwenda Prosody usiku wa Jumamosi na asubuhi aliyelalamika ni mmoja tu, na yeye alikuwa amesahau nywila kabla hata ya kuhama. Ila kuhama kwenda domeni nyingine ni kugumu, kila mtu anaanza upya kutafuta wenzake.

Kwa Matrix, jina la seva ukishaliweka halibadiliki milele, liko ndani ya kila akaunti na kila rumu. Kwa hiyo usiite seva yako jina la mashine, tumia domeni tupu ya ofisi na uweke faili dogo la well-known kwenye tovuti linaloelekeza seva iko wapi, hapo utaweza kubadili mashine hata mara kumi. Kubadili programu ni hadithi nyingine, hakuna njia rasmi ya kutoa Synapse ukaweka Dendrite au Conduit, seva nyingine za Matrix, ukabaki na databesi ileile, na Dendrite yenyewe siku hizi inapata matengenezo tu. Lakini kuna njia ya pembeni ambayo nimeitumia, unafungua akaunti mpya kwenye seva mpya, unaialika kwenye rumu zote za zamani, unaipa mamlaka ya juu, kisha unatoa faili la funguo kwenye akaunti ya zamani na kuliingiza kwenye mpya. Historia inafunguka, kwa sababu rumu haikuwa mali ya seva moja. Ni kazi ya mkono, mtu mmoja mmoja, na usiizime seva ya zamani mpaka wote wamethibitisha wanasoma.

Mattermost inatoa kila kitu kwa amri moja, chaneli, meseji, watu, na ukitaka viambatanisho unaviomba, unapata faili la maandishi lenye mistari ya JSON. Unaliingiza kwenye Mattermost nyingine au Zulip wanalipokea. Zulip inatoa kifurushi kinachoingia kwenye Zulip nyingine bila shida, kutoka kwenye wingu lao kuja kwako au kinyume chake, na inapokea watu kutoka Slack, Mattermost na Rocket.Chat (programu nyingine ya chati). Ofisi ya pili ilitoka Rocket.Chat kuingia Zulip hivyo, wakati ule kompyuta yao ya zamani ilikuwa inakataa toleo jipya la MongoDB, databesi ya Rocket.Chat, kwa sababu prosesa yake ni ya zamani na haina uwezo uitwao AVX, na historia ya miaka miwili ikaja nzima. Kutoka Zulip kwenda kwingine ndiyo kidogo shida, data unayo yote na inasomeka, ila zile mada hazina pa kukaa kwenye programu nyingine, utaandika skripti na utachagua nini kipotee.

Na wanaotoka WhatsApp, ile faili ya maandishi unayotoa kwenye kundi haiingii vizuri popote kati ya hizi. Ihifadhi kama kumbukumbu, anzeni upya.

## Hela na leseni

Prosody iko chini ya leseni huria ya MIT, Zulip ni Apache 2.0 na kila kipengele cha seva ni bure, LDAP ikiwemo (ile ya watu kuingia kwa akaunti zao zilezile za ofisi). Synapse ilikuwa Apache, mwishoni mwa 2023 ikahamia AGPLv3, kwa anayeitumia ofisini kwake hakuna kilichobadilika, kwa anayeibadilisha na kuiuza kama huduma kuna cha kusoma. Mattermost toleo la bure la Team Edition halina LDAP wala sera za kufuta meseji kwa muda, na masharti ya toleo hilo yamekuwa yakibadilika, hivyo kabla ya kuhamia soma yaliyo kwenye toleo unalopakua leo, usitegemee makala ya mwaka juzi.

Gharama ambayo haiandikwi popote ni mtu. Prosody inaweza kukaa miezi bila kuguswa. Zulip na Mattermost zinataka nusu saa kila mwezi. Synapse inataka mtu anayeipenda.

## Sasa wewe uko wapi

Familia, kikundi cha marafiki, kikoba cha watu ishirini wenye simu za kawaida na bando la kupima: Snikket, kwenye mashine ndogo kabisa, na tenga siku moja ya kurekebisha betri kwenye simu zao. Mkitaka video za watu wengi kwa pamoja itawapungukia.

Ofisi ya watu kumi mpaka mia, kazi nyingi kwa wakati mmoja, watu wa zamu au wa mikoa tofauti wanaosoma baadaye: Zulip. Wiki mbili za kwanza watalalamika kuhusu mada, vumilia, na chagua mtu mmoja wa kuhamishia meseji zilizopotea kwenye mada sahihi mpaka wazoee.

Timu ya mafundi wa programu iliyotoka Slack na haitaki kujifunza kitu kipya, na haihitaji LDAP: Mattermost itawatosha na hawatahisi wamehama.

Mtandao wa mashirika kadhaa, kila moja linataka data zake zikae kwake lakini wazungumze pamoja, na kuna fundi wa kudumu: Synapse. Zuia watu kuingia rumu kubwa za umma tangu siku ya kwanza, na weka ukomo wa muda wa kuhifadhi picha na video za nje.

Ofisi ya wilayani yenye intaneti ya kukatika na kazi nyingi za humohumo jengoni: seva ya ndani, Prosody kama wanatumia simu, Zulip au Mattermost kama wanatumia kompyuta.

Mambo ya siri ya kweli: Snikket kama kikundi ni kidogo, Synapse kama ni kikubwa na mna nidhamu ya zile karatasi za funguo.

Na kama tayari uko kwenye mojawapo na inakusumbua kwa jambo moja tu, jaribu kwanza kulitibu hilo jambo. Diski ya Synapse inabanwa, simu za Conversations zinarekebishika, Mattermost iliyo nzito mara nyingi ni databesi isiyosafishwa. Ukiona bado lazima uhame, weka seva mpya pembeni, chukua watu watano wenye subira waitumie mwezi mzima, na ndani ya mwezi huo toa data zote kwenye hiyo seva mpya uziingize kwenye mashine nyingine tupu uone zinafunguka. Ikifunguka, ndipo uwaite wengine.